Mbona Wagonjwa Wetu wa Hadithi Hupooza Mkono Tu?

Ndugu Mhariri, na ninyi wasomaji wenzangu mnaopokezana jarida hili mpaka jalada linachanika, naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Linahusu kiharusi. Msishangae, sijageuka mganga. Nasema kile kiharusi tunachokiandika sisi waandishi chipukizi kwenye hadithi zetu, na kile tunachokiona kwenye filamu za vibanda vya video.

Jamani, tumekifanya chombo chepesi mno. Mwandishi akiwa na tajiri dhalimu na hajui amfanye nini, karatasi zinakwisha, anampiga kiharusi. Mama mkwe mwenye roho mbaya, kiharusi. Baba anasikia binti yake wa shule ana mimba, anashika kifua, anadondoka, mdomo unakwenda upande. Ukurasa unaofuata tunamkuta kitandani, mkono mmoja umelala kama wa maiti, machozi yanamchuruzika, anawaomba radhi wote aliowadhulumu, tena kwa sentensi ndefu zilizonyooka, hazikosi hata kiunganishi. Halafu ama anakufa ama anapona, kutegemea mwandishi ana haraka kiasi gani.

Mimi nayasema haya nikiwa mshitakiwa wa kwanza. Nina mswada wa riwaya, kaunta buku tatu zimejaa, naziweka chini ya meza ya kibanda changu cha kuchaji simu hapa Mpanda. Katika sura ya 11 yuko mzee mmoja mnunuzi wa tumbaku, mnyonyaji kwelikweli. Nilimpiga kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia, kisha nikamfanya alie na kutubu kurasa nne nzima. Niliposoma kwa sauti peke yangu usiku nilijiona nimeandika kitu.

Tulipokuwa kidato cha nne tulifundishwa kuipasua hadithi kama kuku: huku fani, huku maudhui. Kwa mafunzo yale mzee wangu angepata vema kubwa. "Msanii ametumia kiharusi kama adhabu ya uovu." Lakini hakuna aliyetufundisha kuuliza swali la kijinga: je, mtu huyu kweli ameugua? Maana kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mkono unalala kwa sababu kule juu damu imekatika, ama donge limeziba mshipa, ama mshipa umepasuka, mara nyingi kwa sababu ya presha iliyokaa miaka bila kutibiwa. Mahali palipokosa damu panakufa. Na ubongo hauna kazi moja tu ya kuinua mikono. Unapiga hesabu, unapanga safari, unajua kipi kitangulie kipi kifuate. Wagonjwa wetu wa hadithi hupooza mkono tu, akili inabaki vilevile, imetakaswa hata. Ndiyo lawama yangu yote, na nitaieleza kwa wazee wawili ninaowafahamu.

Wa kwanza ni babu yangu, baba yake mama, anayekaa Makanyagio. Ujana wake aliumaliza kwenye gengi la reli ya Kaliua–Mpanda, kupigilia misumari na kunyanyua mataruma. Kiharusi kilimlaza upande wa kulia, mkono na mguu. Maneno nayo yakaondoka. Yamebaki mawili yaliyoshikana: "Ndiyo hiyo." Akitaka maji, ndiyo hiyo. Akikataa uji, ndiyo hiyo. Mjukuu akianguka uani, ndiyo hiyo kwa ukali. Kanisani lakini anaimba wimbo mzima na maneno yake, wimbo ukiisha anarudi kwenye ndiyo hiyo.

Wa pili ni rafiki yake, fundi cherehani, ambaye sote tunamwita Babu Fundi. Chake kilikuja miezi minane baadaye, kikamshika kushoto. Huyu anaongea. Tena anaongea kuliko zamani. Ukimtembelea atakusimulia treni ya zamani, atakutajia bei za vitambaa, atakuuliza mama hajambo. Watu walitoka kwake wakisema, "Mungu mkubwa, Fundi amepona, ni mkono tu." Walipotoka kwa Babu walitikisa vichwa: "Mzee wa watu amekwisha."

Wazee hawa walikuwa wapinzani wa drafti tangu sijazaliwa. Ubao ni wa plaiwudi, kete ni vizibo, vya soda upande huu na vya bia upande ule. Baada ya kuugua wakarudi kwenye drafti yao chini ya mwembe, Babu akisogeza vizibo kwa mkono wa kushoto. Ajabu ikawa hii: Babu, aliyekwisha, akawa anashinda kila siku. Babu Fundi, aliyepona, akawa analiwa upande wa kushoto wa ubao kama kwamba vizibo vya huko si vyake. Analia kwamba kaibiwa. Vijana wa kijiweni wakacheka, wakasema Fundi kazeeka vibaya. Siku ya tatu au ya nne Babu akafanya jambo nisilolielewa. Akausukuma ubao wote kwa ile fimbo yake, ukaenda ukakaa kuliani kwa mwenzake badala ya katikati yao. Sisi tukadhani hasira. Mchezo ule Babu Fundi alicheza vizuri mpaka karibu na mwisho.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma, kwa simu, bando likikata nasubiri. Nilikuwa najua lile la shuleni, kwamba ubongo una nusu mbili na kwamba nusu ya kushoto inaendesha upande wa kulia wa mwili, ya kulia inaendesha kushoto. Sikuwa najua zaidi. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre jirani na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mtu aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan", hata wenzake wakamwita Tan. Alipofariki Broca akautazama ubongo wake, akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Akaja na wengine wa namna hiyo, na mwaka 1865 akaandika wazi kwamba binadamu husema kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Kwa watu wengi sana ndivyo ilivyo. Niliposoma habari za Tan nilifunga simu nikakaa kimya. Ndiyo hiyo! Babu yangu ana ndugu Ufaransa aliyemtangulia miaka mia na hamsini na zaidi.

Nusu ya kulia kazi yake haina jina jepesi. Inashika mahali: vitu viko wapi, mimi niko wapi katikati yake. Ikiumia, mara nyingi mgonjwa anapoteza upande wa kushoto wa dunia. Macho yanaona ila yeye hashughuliki nao. Anakula ugali wa kulia mwa sahani, ule wa kushoto anauacha na kulalamika njaa. Ananyoa ndevu nusu ya uso. Wengine hawakubali hata kuwa wamepooza, jambo ambalo Babinski, daktari mwingine wa Paris, alilipa jina mwaka 1914. Unamwonyesha mkono wake anakuambia ni wako.

Kilichonitia hofu zaidi ni jaribio la Waitaliano wawili, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, lililotoka mwaka 1978. Waliwaambia wagonjwa wa namna hiyo, watu wa Milano, wajifikirie wamesimama mwisho wa uwanja mkubwa wa mji wao, wanalitazama kanisa kuu, wataje majengo. Wakataja ya kulia tu. Kisha wakaambiwa wageuke kwa fikira, wasimame kwenye ngazi za kanisa watazame walikotoka. Wakataja yale waliyoyaacha kwanza, na yale waliyotaja kwanza wakayasahau. Kwa hiyo si macho. Hata uwanja ulioko kichwani una upande mmoja tu.

Naona haya kusema, lakini nilimjaribu Babu Fundi. Nilimwambia, "Babu, jifanye unatoka stesheni unakwenda sokoni, nitajie vilivyopo njiani." Akanitajia, vya kulia tupu, kwa uhodari na vichekesho. Nikangoja siku mbili. "Babu, sasa unatoka sokoni unarudi stesheni." Akanitajia upande wa pili, ule wa kwanza haukuwepo tena. Mji mzima aliouzunguka kwa baiskeli zaidi ya miaka arobaini ulikuwa unakatika katikati kila alipogeuka. Na sauti yake ilikuwa ileile ya mtu anayejua.

Hapa ndipo hadithi inapoanza kuwa hadithi, ndugu msomaji. Babu Fundi alikuwa na shamba la mpunga la ekari nne, linapakana na la Babu. Akaja mnunuzi, sitamtaja, mtu mwenye maneno laini. Watoto wa Babu Fundi wako mbali, na hata waliokuwa karibu walisema mzee ana akili zake timamu, si mnamsikia anavyoongea? Wakakaa kwenye mkeka. Mnunuzi akaeleza malipo: kidogo leo, kidogo baada ya mavuno, kingine kikikatwa kwa gharama hizi na zile. Babu Fundi akajibu kila neno kwa neno. Akacheka. Akasema, "Biashara ni maelewano, bwana." Akatia dole gumba. Alipokea, mwisho wa mahesabu yote, bei ya ekari moja.

Babu alikuwepo, kama jirani wa mpaka. Mnunuzi alipokuwa anaeleza, Babu alianza kusema ndiyo hiyo, ndiyo hiyo, kwa sauti ya juu. Hakusikilizwa. Akainama kwenye kiti chake, na ncha ya fimbo akachora mchangani mistari minne. Akafuta mitatu. Akamtazama kila mmoja wetu usoni. Mjomba akasema, "Mzee anataka drafti yake," wakacheka kwa upendo, na mimi nikatumwa nikalete ubao. Nikauleta. Nikaupanga na vizibo. Babu aliutazama ule ubao, kisha akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile.

Mistari minne, futa mitatu. Ni hesabu ya darasa la kwanza. Aliyekuwa ameifanya hakuwa na maneno ya kuisema, na aliyekuwa na maneno hakuweza kuifanya. Sisi wengine wazima, mimi nikiwemo, tuliamini maneno.

Turudi kwenye vitabu. Nimewahi kuazima kwa rafiki riwaya mbili za Wafaransa kwa Kiingereza, mojawapo haikuwa na kurasa za mwisho, na zote zina mgonjwa wa kiharusi. Ya Alexandre Dumas, ile ya Hesabu wa Monte Cristo, iliyotoka kati ya mwaka 1844 na 1846, ina mzee Noirtier. Hawezi kusogeza kitu wala kusema. Amebaki na macho na masikio. Akifumba macho ni ndiyo, akipepesa mara nyingi ni hapana. Mjukuu wake Valentine anamtajia herufi moja moja, akifika penyewe mzee anampa ishara, kisha wanatafuta neno kwenye kamusi. Neno lenyewe ni mwanasheria wa kuandika wosia. Mwanasheria anakuja anagoma: mtu asiyesema nitajuaje nia yake? Valentine anamwonyesha jinsi ilivyo, anakubali, na mzee anapanga mambo yake kwa macho mpaka ndoa asiyoitaka inavunjika.

Wahakiki wanaweza kusema Dumas ametia chumvi, na kweli ametia. Mzee wake amepooza kila kitu ila akili haikuguswa hata nywele. Hilo hutokea, jeraha likiwa chini kabisa kwenye shina la ubongo: Mfaransa mwenzake, Jean-Dominique Bauby, alipatwa hivyo Desemba 1995 na akaandikisha kitabu kizima kwa kukonyeza jicho la kushoto, kikatoka mwaka 1997. Si kiharusi cha kawaida. Lakini Dumas alifanya jambo ambalo sisi hatulifanyi. Alimpa mgonjwa tatizo la kutatua na akamwacha alitatue kwa kile alichobakiwa nacho. Wagonjwa wetu hawatatui kitu. Wanasamehewa tu.

Ya pili ni ya Émile Zola, *Thérèse Raquin*, ya mwaka 1867. Mama mkongwe amepooza, hasemi, na anagundua kwamba mkwe wake na hawara yake ndio waliomuua mwanawe. Usiku mmoja wa kucheza dhumna, mbele ya wageni, anajikusuru kuandika mezani kwa kidole. Anaanza, majina ya wale wawili yanaonekana, kisha nguvu zinamwishia. Na mgeni mmoja, mtu mwema, anajitia kuelewa, anamalizia sentensi mwenyewe: kwamba hao wawili wanamtunza vizuri. Nilipofika hapo nilikitupa kitabu. Mjomba! Mjomba wangu na kauli yake ya drafti, ndani ya kitabu cha Paris. Zola hakujua habari za nusu mbili kama tunavyozijua leo, ila alimjua mtu mzima anayemmalizia mgonjwa sentensi, na huyo ndiye mhusika anayekosekana kwenye hadithi zetu zote za kiharusi nilizosoma.

Nisieleweke vibaya nikadhaniwa nasema kushoto ni maneno, kulia ni akili, basi. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake wa Uingereza walieleza habari za wanaume watatu waliopoteza lugha vibaya sana. Ukiwaambia mtu kamuua simba au simba kamuua mtu hawakuweza kutofautisha nani kafa, jambo ambalo huku Katavi si dogo. Lakini ukiwaandikia hesabu ya kutoa, walijua kabisa kipi kinatolewa kwenye kipi. Hapo nilimwona Babu. Ila mwaka huohuo Juliana Baldo na wenzake wa Marekani wakaonyesha upande mwingine: kuna mafumbo ambayo waliopoteza lugha hushindwa kuyatatua, na kadiri lugha ilivyoharibika ndivyo walivyoshindwa, kana kwamba tunahitaji kujisemea moyoni tunapotafuta njia. Naamini yote mawili. Babu anaweza kuona ekari tatu zinaibwa, lakini juzi tulipobadilishiwa utaratibu wa dawa, mbili asubuhi, moja usiku, Jumapili usimeze hii, alichanganyikiwa kabisa hadi nilipompangia kwenye vizibo.

Na lile la vijana wenzangu kujisifu eti sisi wasanii tunafikiri kwa ubongo wa kulia, wahasibu kwa wa kushoto, naomba tuliache. Limetokana na kazi nzuri ya Roger Sperry, aliyepata nishani ya Nobel mwaka 1981 kwa uchunguzi wa watu waliokatwa daraja linalounganisha nusu mbili ili kupunguza kifafa. Watu waliokatwa daraja! Sisi letu lipo zima, nyuzi milioni nyingi, na hatuandiki beti moja bila kulivuka mara elfu.

Kuna jambo moja la nusu ya kulia ambalo linatuhusu waandishi wa Kiswahili kuliko wengine. Ellen Winner na Howard Gardner, mwaka 1977, waliwapa wagonjwa usemi wa Kiingereza wa mtu mwenye moyo mzito, maana yake ana huzuni, wakawaonyesha picha. Moja ya mtu analia, nyingine ya mtu anapepesuka amebeba moyo mkubwa mikononi. Walioumia kushoto, wasioweza kusema sawasawa, walichagua mtu anayelia. Walioumia kulia waliweza hata kueleza maana vizuri kwa mdomo, halafu wakaenda kuchagua yule aliyebeba moyo, na wala haikuwachekesha.

Babu Fundi ndivyo alivyo. Siku moja alikuwa anagombana na bibi juu ya chai, bibi akamwambia haraka haraka haina baraka. Akajibu, "Sina haraka, si unaniona nimekaa?" Watu wakaangua kicheko, Fundi bwana ana maneno! Watoto wakamtegea kitendawili, nyumba yangu haina mlango. Akasema, "Utaingiaje sasa?" Wakacheka tena. Nilicheka na mimi. Hakuwa anatania. Yai lile hakuliona. Na sauti yake, ukisikiliza vizuri, imekuwa ya tambarare, haipandi wala haishuki. Babu kwa maneno yake mawili ana furaha, ana kejeli, ana kukataa, ana kuuliza, yote katika mpando wa sauti.

Sasa fikirini. Sisi ambao hadithi zetu nusu nzima ni mafumbo na methali, tunaweka mgonjwa wa upande wa kushoto kitandani, tunamtilia methali kumi mdomoni kama mzee wa hekima.

Halafu kuna mashetani. Katika hadithi tunazoletewa, kiharusi kikitokea kijijini lazima kiwe cha kurushiwa, kikitokea mjini ni presha. Bahati mbaya utafiti umekwenda kinyume. Mshana na wenzake, mwaka 2008, waliuliza watu wa Dar es Salaam na wa vijiji vya Hai, Kilimanjaro. Huko Dar ndiko walikokisema sana kiharusi kuwa cha mashetani na uchawi. Hai walitaja zaidi presha, mafuta na mawazo. Na Dar hiyohiyo ndiko kunakougua zaidi: uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006, uliotolewa mwaka 2010, ulikuta, ukisawazisha umri, wagonjwa wapya kama 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Hai kama 109. Simzuii mtu kuandika shetani. Mimi ni mtu wa hapa, nimekua nikisikia habari za Katabi, yule mzimu wa Wabende aliyelipa jina pori letu, na mkwaju wake. Nasema tu shetani wa hadithi awe amefanya kazi yake sawasawa. Akimpanda mtu kulia mwa ubongo, asimwache anajua njia ya kwenda sokoni.

Wala tusidhani ni habari za wazee peke yao. Binyavanga Wainaina wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Caine mwaka 2002, kilimpata akiwa hajafika miaka hamsini, kikamrudia, akafariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019 akiwa na miaka 48. Mwandishi kama sisi, mwenye vitabu alivyokuwa hajaandika.

Nimeichana ile sura ya 11. Mnunuzi wa tumbaku sasa kapooza kushoto, hatubu, hajui kama anaumwa, anaendelea kunyonya watu na kunyonywa na watu kwa ufasaha uleule, na mkewe ndiye wa kwanza kugundua, kwa sababu ya ndevu. Nimemwongeza mlinzi wake wa ghala, asiyesema, ambaye anajua hesabu zote za marobota. Huyo alinitesa. Niliona ni lazima msomaji ajue anachofikiri, nikamwandikia mawazo ya moyoni, kurasa tatu, yenye Kiswahili kitamu.

Jumapili iliyopita nilimsomea Babu sura nzima chini ya mwembe. Babu Fundi naye alikuwepo, nimemkalia kulia ili anione. Babu alisikiliza akitikisa kichwa, kwenye ndevu alicheka hadi fimbo ikaanguka. Nilipofika kwenye yale mawazo ya moyoni ya mlinzi, alininyamazia ukurasa mmoja, ukurasa wa pili, kisha akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya kaunta buku, akaufunika mwandiko wote.

"Ndiyo hiyo," akasema, kwa ile ya kukataa uji.

Babu Fundi akanigeukia. "Anasema umeandika vizuri sana, mjukuu wangu. Endelea."

Zile kurasa tatu nimezitoa.